Friji nzima, tangazo bovu: mnunuzi anapotelea wapi kabla ya kulipa?

Soma hili tangazo kwanza. Liliwekwa kwenye WhatsApp Status na mteja wetu mmoja wa Mikindani, mama anayeuza vyombo vya nyumbani vya mitumba. Ameturuhusu tulitumie, ila tumeficha mwisho wa namba yake:

"FRIJI SAMSANG MPYA KABISAA!!! aijatumika sana bei 125OO maelewano ndoo uone mikindani lipia till 52O* aina longolongo"

Friji yenyewe haikuwa na shida. Tulienda tukaiona. Inagandisha, taa ya ndani inawaka, mpira wa mlango umeshika vizuri, imekwaruzika kidogo tu ubavuni. Kwa bei hiyo ilifaa iondoke kwa siku mbili. Ilikaa karibu wiki tatu. Watu walikuwa wanaliangalia tangazo, wengine wanauliza swali moja, halafu kimya. Mmoja alimwandikia, "Dada, hii ni yako kweli ama na wewe umetumiwa tu?" Na yule wa pekee aliyekubali kutoa arbuni, yaani pesa ya kumshikia friji, aliishia kumuita tapeli mbele ya kikundi kizima cha mtaa.

Tutafika huko kwa huyo wa arbuni. Wacha tuanze na jambo ambalo pengine hukulitarajia kutoka kwetu.

Makosa ambayo hayamsumbui mtu

Sisi tuliosomea masoko huwa tunakuja na kalamu nyekundu mfukoni. Tukiona "aijatumika" mkono unawasha kuirudisha ile h. Lakini mnunuzi wa mtaani hasomi tangazo kama mwalimu anayesahihisha insha. Mikindani ni mtaa wa mchanganyiko: wenyeji wa Pwani wanaishi mlango kwa mlango na watu wa bara waliofuata kazi za bandarini na viwanda vya Changamwe, na kila mtu anaandika jinsi anavyoongea. H ikidondoka, r ikigeuka l, sheng ikiingia katikati, watu wanaelewa na maisha yanaendelea.

Hata "ndoo uone" si kosa. Hicho ni Kimvita, na mtu wa Mombasa anakisoma bila kusita. Shida ndogo tu ni kwamba mtu wa bara akikutana na "ndoo uone friji" anaweza kudhani unauza na ndoo pia. Kama unawalenga wateja wa Nairobi, andika "njoo". Kama wateja wako ni wa Jomvu na Miritini, endelea na ndoo yako.

Kwa hivyo hatukuambii uandike kama kitabu cha darasa la nane. Makosa yanayokula pesa ni machache, na yote yanakaa mahali pamoja: pale maneno yanapogusa kile mnunuzi anacholipia.

Fikiria hali yake. Akiingia dukani kwako anaona rafu, anaona jirani zako, anajua kesho utakuwa hapo hapo. Kwenye simu hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana picha, ana maneno, ana namba. Kompresa hawezi kuikagua akiwa kitandani saa nne usiku, kwa hivyo anakagua anachoweza kukiona, ambacho ni maandishi yako. Akili yake inasema: kama huyu hakujisumbua kusoma tena mistari mitatu kabla ya kuituma, je, hiyo friji aliijaribu kweli?

Mwaka 2011 mfanyabiashara mmoja wa Uingereza, Charles Duncombe, aliiambia BBC kwamba kwenye mtandao wake wa kuuza soksi ndefu za wanawake, mapato kwa kila mgeni yaliongezeka maradufu baada ya kosa moja la tahajia kurekebishwa. Hilo ni duka moja, katika nchi nyingine, na hatungeweka nadhiri kwamba Mikindani matokeo yatakuwa sawasawa. Ila sababu aliyoitoa tunaikubali: mtandaoni mtu anaamua kwa sekunde chache kama akuamini au la, na kosa la tahajia linamtia wasiwasi kwamba tovuti si ya kweli.

Samsang ni ya nani?

Turudi kwenye tangazo letu. "Samsang" ni kosa la herufi moja, na ndilo lililomchoma huyu mama kuliko alivyojua. Sote tumekulia kwenye masoko ambako redio, charja na spika zinakuja na majina yanayokaribia ya kampuni kubwa, herufi moja imebadilishwa. Mnunuzi akisoma "Samsang" hana njia ya kujua kama wewe ndiye uliyekosea kuandika au ni friji yenyewe iliyoandikwa hivyo mlangoni. Kwa lugha ya mtaa, feki. Halafu ukiliweka tangazo hilo Facebook Marketplace au Jiji, anayetafuta "Samsung" huenda asilione kabisa. Dawa yake ni rahisi: nakili jina kutoka kwenye kibandiko cha friji, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya modeli na lita. Usiandike kwa kichwa.

"Mpya kabisaa" na "haijatumika sana" kwenye tangazo moja ni jambo jingine. Hapo hakuna tahajia ya kurekebisha, kuna maneno mawili yanayopigana. Tulimuuliza alikuwa anamaanisha nini, akasema mpya maana yake haina shida. Tunamuelewa, mtaani watu husema hivyo. Lakini Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni mwenendo usio wa haki kumwambia mnunuzi kitu ni kipya na kumbe kimetumika. Andika "imetumika" na useme ni kwa muda gani. Ajabu ni kwamba neno hilo huvutia, kwa sababu mtu anayetafuta friji ya elfu kumi na mbili anajua vizuri kwamba mpya haiuzwi hivyo. Ukimwambia ni mpya, anaanza kujiuliza umeitoa wapi.

Bei sasa. Alitumia herufi O badala ya sifuri, mambo ya kibodi ya simu hayo. Wengi watasoma 12,500 na kupita. Lakini tumeona matangazo ya "1250" ambayo mwenyewe alimaanisha elfu kumi na mbili na nusu, na bei ikiwa chini kupita kiasi inatisha kuliko ikiwa juu. Weka koma, na kama ni pesa nyingi rudia kwa maneno.

Mahali nako aliandika "mikindani" peke yake. Kuna Mikindani nyingine, mji wa kale kabisa kule Mtwara, Tanzania, na tangazo likishasambazwa mara tano hakuna ajuaye lilianzia wapi. Andika Mikindani, Mombasa, na utaje alama moja inayojulikana. Mnunuzi wa Likoni anataka kujua kama atavuka feri, na friji itarudi na nini.

Namba na jina

Hapa ndipo pesa ilipopotea.

Huyu mama alipata namba yake ya till zamani, alipokuwa na saluni. Saluni ilifungwa, jina likabaki. Kwa hivyo kila anayemlipa anaona jina la saluni, na yeye alishazoea kuwaambia wateja: "Usijali jina litakalotokea, ni la zamani." Kwa miaka miwili hakuna kilichoharibika.

Wiki ya pili friji ikiwa haijauzwa, alilipandisha tangazo upya na kuandika namba kwa kichwa. Tarakimu mbili zikabadilishana nafasi. Mnunuzi, kijana wa Kisauni, alikuwa ametumiwa picha ya skrini ya tangazo, kwa hivyo hakuweza kunakili namba. Aliiandika kwa mkono vile vile ilivyokosewa. Kabla ya kuthibitisha, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji: kinyozi fulani. Kama angekuwa hajaambiwa kitu, jina hilo lingemsimamisha. Lakini alikuwa ameshaambiwa asijali jina. Saluni, kinyozi, si ni yale yale? Akabonyeza. Shilingi 3,000 zikaenda kwa mtu asiyejua habari ya friji yoyote.

Mama anasema sijapokea. Kijana anamtumia ujumbe wa malipo. Mama anaona jina asilolijua, anadhani anaibiwa friji. Kijana anadhani ameibiwa arbuni. Jioni ile ile tangazo lilikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, limeandikwa TAPELI kwa wino mwekundu, na namba yake ya simu iko pale pale chini.

Pesa ilirudi. Kijana alitupigia mapema, kinyozi alikuwa bado hajaitumia na hakukataa. Ilichukua siku nne. Ukituma pesa pasipostahili, piga simu kwa huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, usisubiri kwanza kugombana na muuzaji. Ile picha yenye wino mwekundu, hata hivyo, hatuna kitufe cha kuirudisha.

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, Wakenya tumejifunza kusoma jina la mpokeaji kama mtu anavyoangalia noti kwenye mwanga. Ndicho kipimo cha mwisho mnunuzi alichobaki nacho. Ukimwambia asijali jina, umemwambia afumbe macho. Na jina la biashara kwenye till linaweza kubadilishwa. Njoo kwa wakala wetu na kitambulisho pamoja na kibali cha biashara kama unacho. Wauzaji wengi hawajui hilo, na tukiwa wakweli, sisi wenyewe hatukulisema vya kutosha.

Hadi siku utakapolibadilisha, andika ndani ya tangazo jina kamili litakalotokea. Namba nayo inakiliwe kutoka kwenye ujumbe wetu wa usajili, isiandikwe kwa kichwa. Kisha mwambie ndugu au rafiki alipe shilingi kumi akitumia tangazo hilo hilo, uone zinafika wapi.

Kwa wewe unayenunua

Usigeuze makala hii kuwa kipimo cha kuwatambua wezi. Tapeli hodari anaandika vizuri kuliko sisi, na picha zake ni safi kwa sababu amezitoa kwenye tangazo la mwenye duka halisi. Mwaka 2012 mtafiti wa Microsoft, Cormac Herley, alieleza jambo la kushangaza zaidi kuhusu zile barua pepe za mamilioni kutoka Nigeria: uchakaramu wake unamfaa mwizi. Mtu makini anaisoma, anacheka, anaifuta. Anayejibu ni yule rahisi kudanganyika, na mwizi hapotezi muda kwa wengine. Kwa hivyo maandishi mabovu yanaweza kuwa ya mama mwaminifu mwenye haraka, au ya tapeli anayekuchuja. Maandishi mazuri hali kadhalika. Kinachosaidia ni kuiona mali kabla ya kulipa na kusoma jina kabla ya kuthibitisha.

Picha, kwa ufupi: piga mwenyewe, mlango ukiwa wazi na taa ikiwaka, na uonyeshe mkwaruzo. Mkwaruzo kwenye picha unamwambia mnunuzi kwamba friji hii ipo.

Tulikaa na mama kwenye kibaraza chake, tukaandika tangazo upya. Sisi tulitaka kubadilisha mengi, yeye alikataa baadhi, na tunadhani alikuwa sawa. Lilitoka hivi:

"Nauza friji Samsung, imetumika miaka 3, inagandisha vizuri. Imekwaruzika ubavuni, angalia picha ya tatu. Bei 12,500 (elfu kumi na mbili na mia tano), maelewano kidogo. Niko Mikindani, Mombasa, dakika tano kutoka steji. Ndoo uione ikiwa imewashwa, ndio ulipe. Kwenye till litatokea jina la saluni yangu ya zamani, nitakutumia picha ya cheti uhakikishe."

Alipigiwa simu na watu wanne siku mbili za kwanza. Mmoja aliuliza kama ndiye yule wa kile kikundi, akamweleza ilivyokuwa, yule mtu akakata simu. Friji iliondoka Jumamosi kwa mkokoteni hadi Jomvu, kwa 12,000. Mnunuzi, mzee wa makamo, alifungua mlango wake, akaweka mkono ndani kuonja baridi, akatoa simu na kusoma jina kwa sauti. "Ndio wewe huyu, mama?"

"Ndio mimi, baba."

Akabonyeza.