Mafuta ya kurudisha ujana: gani inasaidia, gani inakula feza tu?

Mwisho wa mwezi, mushahara ukishatoka, ku soko na ku farmasi vichupa vyenye maandishi « anti-âge » vinatungojea. Kachupa kamoja kanaweza kumeza feza ya unga ya juma zima. Bwana anauliza: « Haka kachupa kanafanya nini? » Bibi anajibu: « Angalia sura yako mu kioo kwanza. » Kila mumoja yuko na haki kidogo. Basi, tusome pamoja yale yanayoandikwa kwenye vichupa hivi.

Kwanza tujue adui. Miaka inazeesha ngozi, ni kweli, lakini jua linaizeesha mbele ya wakati. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1 400, na jua lake linapiga kwa nguvu hata wakati wa baridi ya kipwa. Mutu anayetumika mu karieri wazi, ao mama anayesafisha mawe ku muto, anapigwa nalo tangu asubui mpaka magaribi. Ngozi yetu nyeusi inakawia kupata mikunjo. Kwetu uzee unajionyesha zaidi kwa madoa meusi na rangi isiyo sawasawa.

Retinoli. Ni ndugu ya vitamini A. Mu mafuta ya kuuzwa bila karatasi ya munganga, hii njo inapunguza mikunjo kweli. Lakini inataka uvumilivu: miezi mitatu ao zaidi mbele ya kuona kitu. Inapakwa usiku, kidogo sana, mara mbili kwa juma kwa kuanza. Ukiipaka nyingi, ngozi inachoma na kubambuka, na kwetu ngozi iliyochomwa inaacha doa. Mama mwenye mimba asiiguse.

Vitamini C. Inasaidia juu ya madoa na inapunguza kazi mubaya ya jua. Shida yake ni kuoza: mwanga, hewa na joto vinaiharibu. Ukiona maji yake yamekuwa rangi ya chai nzito, nguvu imekwisha. Kachupa kaliokaa kutwa nzima ku meza ya soko, mu jua, tusikanunue hata wakipunguza bei.

Niasinamidi. Hii ni vitamini B3. Ni mupole: haichomi watu wengi, inapunguza madoa polepole na kuimarisha ngozi ya juu. Kwa mutu anayeanza, tunaona hii ni muzuri kuliko retinoli.

Asidi hialuroniki. Inavuta maji na kuyashika mu ngozi. Sura inajaa kwa saa chache, kisha inarudi vile ilikuwa. Haiponyeshi mikunjo. Vaselini ya bei ndogo, ukiipaka wakati ngozi ingali na maji ya kuoga, inazuia pia ngozi kukauka.

Mafuta ya kukinga jua. Haya hatuyaone kuwa dawa ya uzee, lakini yanashinda mengi. Kule Nambour, inchi ya Australia, waganga walifuata watu 903 wenye chini ya miaka 55 kwa miaka ine na nusu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: waliopaka mafuta hayo kila siku, ngozi yao ilizeeka asilimia 24 kidogo kuliko ya wengine. Kwa madoa yetu, yale yenye rangi ya ngozi ndani yanasaidia zaidi.

Sasa tufike kwa hatari. Kuna mafuta yanayofanya sura kung'aa kwa majuma mawili tu. Yale ya haraka vile sherti tuyaogope. Kama kwenye kopo umesoma « hydroquinone », « clobétasol » ao « mercure », rudisha. Hidrokinoni ikipakwa miaka inaweza kuleta weusi wa bluu usiotoka. Tangu mwaka 2001 Ulaya iliikataza mu mafuta ya kung'arisha ngozi. Klobetasoli ni dawa ya munganga. Ikigeuka mafuta ya kila siku, inafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Zebaki inaharibu mafigo, na inaweza kumufikia hata mutoto anayebebwa na mama aliyeipaka. Kopo lisilo na maandishi ya vitu vilivyo ndani, hilo nalo tuliache.

Neno moja kwa wanaochimba na wanaosafisha: vumbi ya kobalti inaweza kuwasha ngozi na kuleta vidonda. Kachupa hakatamaliza hayo. Nawa uso na mikono kwa maji safi na sabuni mbele ya kupaka kitu chochote, kama sivyo unafungia vumbi chini ya mafuta. Kama muwasho hauishi, nenda lopitali.

Basi feza ikiwa kidogo, tupange hivi: kofia yenye ukingo mupana kwanza, kisha sabuni na vaselini, kisha mafuta ya kukinga jua. Kama kunabaki kitu, niasinamidi. Retinoli inakuja mwisho, kwa mutu asiye na haraka.

Baba, kofia hiyo uivae wewe pia. Mama hatanunua kachupa ka watu wawili.