Frimasoni na Vyombo vya Fundi

Pale Nyerere Road, Nairobi, kuna jumba la Frimasoni, na wengi wetu tukilisikia tunaogopa. Chama hiki huhesabu mwanzo wake London, mwaka 1717. Alama zake ni vyombo vya fundi wa mawe: skwea hufundisha mwenendo mnyoofu, bikari kuzuia tamaa, nayo aproni ni vazi la kazi. Kanisa Katoliki limekataza waumini kujiunga, likarudia hivyo mwaka 2023.

Lakini hatari ya karibu ni matapeli. Mtu akiwaambia, “Tumeni ada, Frimasoni watawatajirisha,” msitume hata shilingi. Alama hizo hazizai pesa. Akiba ya kikundi ni jasho letu, tuilinde.