Hulka ya Mgonjwa na Mkono wa Daktari

Hofu haikai kichwani peke yake. Mtu anapoogopa sindano, mwili humwaga adrenalini na mishipa midogo ya mikononi hubana. Mshipa uliokuwa wazi alipokuwa akisubiri kwenye benchi huzama, na muuguzi anayetaka kuweka dripu hulazimika kuchoma mara ya pili, pengine ya tatu. Kwenye kiti cha daktari wa meno, taya hukakamaa. Katika kipimo cha utumbo mpana, kamera inapopitishwa kupitia njia ya haja kubwa, mgonjwa aliyebana tumbo na kuzuia pumzi humpa daktari kazi ngumu. Ugumu huo huongeza maumivu, na maumivu humfanya abane zaidi. Basi wanaosema kwamba hulka ya mgonjwa inaweza kuirahisisha au kuitatiza tiba hawakukosea. Wanakosea wanapodhani kwamba ugumu huo ni wa mgonjwa peke yake, kwamba ametoka nao nyumbani kama alivyotoka na kadi yake ya kliniki. Ninavyoona mimi, ugumu huzaliwa pale hulka fulani inapokutana na namna fulani ya kuhudumiwa, na katika hayo mawili ni huduma inayoweza kubadilishwa asubuhi hiyohiyo.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Suzanne Miller na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliokuwa wanakwenda kukaguliwa mlango wa kizazi kwa darubini. Waliwagawa kwanza kwa hulka: wale ambao jambo likiwatisha hutaka kujua kila kitu, na wale ambao hupendelea kuelekeza mawazo kwingine. Kisha nusu ya kila kundi walipewa maelezo mengi, na nusu maelezo machache ya kawaida. Miili ya wanawake ilitulia zaidi pale kiasi cha maelezo kilipolingana na hulka zao. Mwenye kutaka kujua alitulia alipoelezwa kwa kirefu. Mwenye kukwepa alitulia alipoachwa bila habari nyingi. Jambo lilelile tunaloliita huduma nzuri, yaani kumweleza mgonjwa kila hatua, lilimfaa mmoja na kumtia mwenzake wasiwasi. Hata ule ushauri wa kumwambia kila mtu alegeze mwili una mipaka. Wapo ambao wakiona damu au sindano shinikizo lao la damu hushuka ghafla wakazimia, na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba hao husaidika wakifundishwa kukaza misuli.

Daktari mwenye uzoefu anaweza kupinga: utulivu ni hisia, lakini ugumu halisi uko kwenye maumbile, kwenye makovu ya upasuaji wa zamani, kwenye utumbo uliojikunja. Ni kweli, na hakuna maneno matamu yatakayonyoosha utumbo. Hata hivyo, timu ya daktari Elvira Lang ilichapisha katika jarida la Lancet mwaka 2000 matokeo ya wagonjwa 241 waliofanyiwa tiba za mishipa na figo wakiwa macho, wakipangwa kwa bahati nasibu. Waliohudumiwa kwa kawaida walichukua wastani wa dakika 78. Wale ambao mhudumu alikaa nao akiwapa usikivu wa makusudi walichukua 67, na walioongozwa pia kujituliza kwa fikra walichukua 61, huku makundi haya mawili yakitumia dawa pungufu. Kwa kuwa walipangwa kwa bahati nasibu, waoga na majasiri, wenye makovu na wasio nayo, walitarajiwa kuwamo katika kila kundi. Kilichotofautiana ni namna walivyohudumiwa.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la upande wa pili: kwamba kuzungumzia hulka kunafungua mlango wa kumlaumu mgonjwa. Hatari hiyo ipo. Mara mtu akishaitwa msumbufu, kilio chake husikika kama tabia, na ganzi isiyoshika haichunguzwi. Wala anayesifiwa kwa upole hayuko salama. Kwetu mtu mzima hufundishwa kujikaza, na mwanamume hasa; akiulizwa kama anaumia atasema hapana huku ameuma meno. Daktari akiamini jibu hilo ataendelea mahali alipopaswa kusimama au kuongeza dawa. Mgonjwa wa namna hii haonekani mgumu, ilhali ndiye anayemnyima daktari habari anazozihitaji kuliko zote. Kwa hiyo kuijua hulka kuwe njia ya kuuliza vizuri zaidi, kusiwe lebo ya kubandikwa kwenye faili.

Linabaki suala la muda, maana foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Lakini mwaka 1964 Lawrence Egbert na wenzake, katika Massachusetts General Hospital mjini Boston, waliripoti kwamba wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo walitofautishwa kwa jambo moja tu: baadhi yao walielezwa na daktari wa usingizi maumivu watakayoyapata na jinsi ya kuyapunguza kwa kupumua, kulegeza misuli na kujigeuza kitandani. Hao walihitaji takribani nusu ya dawa kali za maumivu, na madaktari wa upasuaji, wasiojua nani alikuwa kundi gani, waliwaruhusu kurudi nyumbani siku 2.7 mapema. Vitanda vilivyoachwa wazi kwa siku hizo ni muda pia, na wodi iliyojaa inauhitaji kuliko nyingine yoyote.