Mpingo: Mti wa Kusini Unaolia Uskoti

Kila mwaka, tarehe 25 Januari, Waskoti huadhimisha kuzaliwa kwa mshairi wao Robert Burns, mwana wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1759. Katika shule nyingi za msingi za nchi hiyo watoto hughani mashairi yake kwa lugha ya mababu zao, huvaa nguo za mirabaraba, na huonjeshwa haggis, yaani maini, moyo na mapafu ya kondoo yaliyochanganywa na nafaka na kupikwa ndani ya tumbo la mnyama huyohuyo. Chakula hicho kisingemshangaza mtu aliyezoea supu ya utumbo. Kwa desturi huingizwa ukumbini kwa heshima, kikitanguliwa na mpiga zumari ya mfuko. Mirija ya zumari hiyo ni myeusi, na mti unaoitoa haumei Uskoti. Ni mpingo, na misitu inayotegemewa zaidi kwa mpingo wa ala za muziki iko kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Mtoto wa shule ya msingi wa Tandahimba naye ana sherehe zake. Siku ya mahafali au ya sikukuu ya taifa husikia ngoma za sindimba, na kabla ya mchezo kuanza huona wapigaji wakizisogeza ngoma karibu na moto ili ngozi ikauke, ikazike na kutoa mlio mkali. Hilo ni somo zima la fizikia, ingawa ni mara chache hufundishwa hivyo darasani. Lakini mtoto huyo akiulizwa auonyeshe mpingo, huenda asiweze. Mti wa maisha yake ni mkorosho. Wilaya ya Tandahimba, iliyogawanywa kutoka Newala mwaka 1995, iko juu ya uwanda wa Makonde wenye udongo wa kichanga unaopitisha maji upesi. Zamani uwanda huo ulifunikwa na vichaka vizito mno. Mwaka 1866 Mskoti David Livingstone, akitoka Mikindani kuelekea mto Ruvuma, ilimbidi awaajiri Wamakonde wamfyekee njia kwa mashoka ili ngamia wake wapite. Leo sehemu kubwa ya vichaka hivyo imekuwa mashamba ya korosho. Mpingo hupatikana zaidi chini ya uwanda, katika misitu mikavu ya upande wa Masasi, Nachingwea, Liwale na Kilwa.

Hapa pana jambo la kushangaza. Jina la Wamakonde limeenea duniani kwa sababu ya vinyago vya mpingo, na kila mtalii anayenunua kinyago huamini kwamba kila Mmakonde amekulia chini ya mti huo. Kumbe hata vinyago vya kale vya mapiko, vinavyovaliwa usoni wakati wa ngoma za jando na unyago, huchongwa kwa miti myepesi. Mchezaji hawezi kuruka na gogo la mpingo kichwani.

Mpingo, ambao wanasayansi huuita Dalbergia melanoxylon, ni wa jamii ya kunde. Si mti wa fahari kwa macho: ni mfupi, una miiba, mashina yake mara nyingi ni mengi na yaliyopinda, na hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaogeuza naitrojeni ya hewa kuwa mbolea. Thamani yake imefichwa ndani. Chini ya gamba kuna tabaka jembamba lenye rangi ya manjano hafifu, na chini ya tabaka hilo kuna kiini chenye rangi ya zambarau iliyokolea hadi kuwa nyeusi.

Kiini hicho ni kizito kuliko maji. Mwanafunzi yeyote anaweza kuthibitisha jambo hili kwa ndoo moja ya maji, kipande cha mkorosho mkavu na kipande cha mpingo kilichookotwa kwa mchongaji. Wa kwanza utaelea, wa pili utazama. Mwanafunzi wa sekondari aende mbele zaidi: apime uzito wa kipande kwa mizani, apime ujazo wa maji yanayopanda katika chupa ya vipimo, kisha agawanye. Atapata takriban gramu 1.2 au 1.3 kwa kila sentimeta moja ya ujazo.

Msongamano huo, pamoja na mafuta ya asili yaliyomo, ndio unaompendeza fundi wa Uskoti. Pumzi ya mpigaji ina unyevu mwingi. Mti wa kawaida ungevimba na kupasuka, na tundu lingebadilika umbo, kisha sauti ikaharibika. Mpingo hubadilika kidogo tu, na tundu lake huchongeka likawa laini kabisa. Zumari ya Kiskoti ina mrija mmoja wa kuchezea wenye matundu ya vidole, na mirija mitatu ya mvumo usiokoma. Miwili kati ya hiyo hulingana. Wa tatu, ulio mrefu zaidi, hutoa sauti iliyo chini yao kwa oktavu moja. Kanuni yake huweza kuonyeshwa kwa mianzi tu: ukikata mwanzi wenye kipenyo kilekile nusu ya urefu, mitetemo kwa sekunde hukaribia kuongezeka maradufu.

Tatizo ni wakati. Mpingo huhitaji miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuuzwa, na gogo likipasuliwa ni sehemu ndogo tu inayofaa kwa ala. Kilichobaki kina nyufa, mafundo au uwazi ulioletwa na moto wa msituni. Tangu tarehe 2 Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya Dalbergia imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa katika masharti hayo. Masharti ya mipakani yana faida yake, lakini hayaoteshi mti. Mfano wenye matumaini zaidi uko Kilwa. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mwanakijiji anayepokea fedha kwa kila gogo ana sababu ya kuzuia moto.

Shule za Tandahimba hazina msitu wa aina hiyo, lakini zina viwanja, na tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 zina desturi ya bustani. Mbegu za mpingo hukaa moja au mbili katika ganda jembamba kama karatasi, linalopeperushwa na upepo. Maganda makavu yakusanywe kiangazi, mbegu ziloweshwe usiku mmoja, zisiwe kwenye viriba, na miche ipandwe mvua zikishashika, penye nafasi na jua, mbali na mbuzi. Mstari mmoja ulindwe dhidi ya moto na magugu. Mwingine upaliliwe mara moja tu. Kila muhula wanafunzi wapime urefu wa kila mche na kuandika katika daftari linalobaki shuleni, si la mwanafunzi mmoja. Mche wa ziada ung'olewe taratibu na mzizi uchunguzwe: kinundu kikikatwa, kile kinachofanya kazi huwa na rangi ya waridi ndani. Daftari hilo lisomwe mbele ya wazazi siku ya mahafali, kabla ngoma hazijasogezwa motoni.