MASHINI PASIPO KICHWA: NAMNA YA KUIFANYA IAMKE YENYEWE



Katika namba hii tunataka kueleza jambo moja la ordinatera: namna gani inaweza kuamka yenyewe na kuanza kazi zake zote, pasipo mtu kukaa mbele yake. Mtu asiseme, "Hiyo ni kazi ya mafundi." Tuchukue shule yenye ordinatera moja tu. Kuranti inakatika usiku, inarudi saa kumi. Asubuhi wafinalisti wanafika na telefone zao, wanataka kusoma juu ya Exetat, lakini biblioteka ya ordinatera imelala. Yule anayejua kuiamsha amekwenda Moba kwa kilio, atarudi juma lijalo. Juma zima limepotea, na mashini iko nzima! Haikukosa kitu, ilikosa maagizo tu.

1. MASHINI YA VIRTUALI NI NINI?

Ordinatera moja yenye nguvu inaweza kubeba ordinatera zingine ndani yake. Hizo za ndani si za chuma. Ni programu inayoiga mashini kamili: kila moja iko na sistemu yake, memwari yake, na disiki yake, ambayo kwa kweli ni faili moja kubwa tu. Ndiyo tunayoita mashini ya virtuali.

Ni sawa na nyumba moja yenye walokateri wengi. Kila mmoja na chumba chake, na ufunguo wake. Mmoja akiharibu chumba chake, wengine wanaendelea kulala. Kwa shule faida inaonekana wazi: chumba kimoja kitakuwa cha biblioteka, kingine cha pwenti za wanafunzi. Anayesoma biblioteka hafiki kwenye pwenti. Lakini tusisahau kwamba nyumba iko na mwisho wake. Mashini yenye memwari ya GB 8 inaweza kutoa 2 kwa biblioteka na 2 kwa pwenti, na kubaki na 4 kwa ajili yake yenyewe. Ukigawa zote 8, mwenye nyumba atalala inje.

Wazo hili si jipya. Kampuni ya IBM huko Marekani ilikuwa nalo katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ilitangaza sistemu yake VM/370, iliyogawanya mashini moja kubwa kati ya watu wengi. VirtualBox, ambayo tutaitumia katika mfano wetu, ilitolewa mwaka 2007 na kampuni Innotek ya Ujeremani. Tangu 2010 iko mikononi mwa Oracle. Ndani ya chumba cha biblioteka tunaweza kuweka Kiwix, programu inayobeba Wikipedia nzima pasipo intaneti, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Wanafunzi wanaifungua kwa Wi-Fi ya shule, bila kulipa megabaiti.

2. JUU YA NINI TUNASEMA "PASIPO KICHWA"?

Kichwa cha ordinatera ni ekrani na klaviye. Mashini inayotumikia watu kwa njia ya Wi-Fi haiitaji hivyo. Tufikiri mitambo ya Bendera, kwenye mto Kiyimbi, inayotoa umeme wa Kalemie. Sisi hapa mjini hatuioni ikizunguka, lakini balbu inawaka. Mashini pasipo kichwa iko vile vile: haionyeshi dirisha lolote, lakini kazi yake inafika.

3. KARATASI YA MAAGIZO

Katika ibada kuko utaratibu: wimbo, ombi, somo, mahubiri. Kiongozi akikosa kufika, mwingine anachukua karatasi, na ibada inaendelea. Skripti ni karatasi ya namna hiyo kwa ordinatera. Kwenye Linux tunaandika faili moja, /etc/systemd/system/biblioteka.service, hivi:

[Unit]
After=vboxdrv.service
[Service]
Type=oneshot
RemainAfterExit=yes
User=shule
ExecStartPre=/bin/sleep 60
ExecStart=/usr/bin/VBoxManage startvm biblioteka --type headless
ExecStop=/usr/bin/VBoxManage controlvm biblioteka savestate
[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha tunaamuru mara moja tu: sudo systemctl enable biblioteka.service

Sasa tueleze mistari yenye maana sana.

After: usianze mbele ya VirtualBox yenyewe kuwa tayari. Mpangaji haingii nyumba isiyojengwa.

RemainAfterExit: amri ya kuamsha inamalizika upesi, lakini kazi inaendelea. Mstari huu unaambia sistemu isifikiri kwamba yote yamekwisha.

User: mashini ya ndani ni mali ya yule aliyeiunda. Kama iliundwa na "shule", mkubwa wa sistemu (root) akiiita, ataambiwa haiko. Wengi wanachoka hapa, na kosa ni jina tu.

Sleep 60: ngoja dakika moja. Kuranti ikirudi, pengine inakatika tena palepale. Afadhali tungoje kidogo.

Startvm na neno headless: amsha mashini inayoitwa biblioteka, pasipo kichwa.

4. KULALA NI KAZI PIA

Wengi wanafundisha kuamsha, wanasahau kulaza. Mashini ikizimwa kwa ghafula inapoandika pwenti, faili inaweza kubaki nusu, na pwenti za mwanafunzi aliyefanya kazi mwaka mzima zinapotea. Ndiyo maana kuko mstari wa ExecStop. Neno savestate linaandika memwari yote kwenye disiki, na linangoja mpaka mwisho. Kuko amri ingine, acpipowerbutton, iliyo sawa na kufinya kifungo cha kuzima. Lakini yenyewe haingoji. Inapiga hodi tu na kurudi. Mashini kubwa inaweza kuzimika wakati ile ya ndani ingali inafunga vitu vyake.

Lakini ExecStop inafanya kazi tu kama mashini kubwa inazimwa kwa utaratibu. Kuranti ikikatika ghafula, hakuna skripti itakayosaidia. Inafaa onduleri yenye betri, iliyofungwa kwa kamba ya USB, na programu kama NUT inayoambia ordinatera, "Betri inakwisha, lala sasa."

5. MAMBO MAWILI YA MWISHO

Kwanza, mashini yenyewe iwake kuranti ikirudi. Hii haipatikani ndani ya skripti, ila ndani ya BIOS. Kuko mahali pa kuchagua mashini ifanye nini nyuma ya kukosa umeme: ibaki imezimika, ao iwake. Chagua iwake. Na kama onduleri iko, NUT ipangwe kuikata nayo mwishoni. Bila hivyo, kuranti inaweza kurudi mbele ya betri kwisha, na ordinatera haitajua kwamba kuna kitu kilibadilika. Itabaki imelala.

Pili, jaribu. Zima vizuri, washa, usiguse klaviye, ngoja dakika tano, kisha fungua biblioteka kwa telefone. Fanya hivyo siku isiyo na kazi, si siku ya mtihani. Wale mabikira watano wenye akili, katika Matayo 25, walitayarisha mafuta mbele ya bwana arusi kufika.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, tunawashauri hivi: maagizo haya yaandikwe kwa karatasi pia, na kubandikwa ukutani karibu na mashini, neno la siri libaki kwa watu wawili ao watatu wenye kuaminiwa. Elimu inayokaa katika kichwa cha mtu mmoja inasafiri pamoja naye. Iliyoandikwa inabaki, na hata aliye klasi ya kwanza anaweza kuishika. Walio na maswali walete kwa halmashauri ya bulteni.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.