Kila Kielezi na Kitenzi Chake

Wanafunzi wengi wa Garissa huingia darasani na lugha tatu. Kisomali wamekipata nyumbani. Kiswahili hukisikia sokoni, stendi na katika ofisi za serikali. Kiingereza ndicho lugha ya vitabu vya karibu masomo yote. Katiba ya Kenya ya 2010 inazitambua hizo mbili za mwisho kuwa lugha rasmi, kwa hivyo hakuna pa kuzikwepa. Tatizo ni kwamba lugha hizi tatu hazikubaliani mahali pa kukiweka kielezi, yaani neno linaloeleza tendo limefanyika vipi, lini, wapi au kwa kiasi gani.

Kisomali hukitanguliza. Vijineno vinne, soo, sii, wada na kala, hukaa mbele ya kitenzi. Soo hulileta tendo kwa msemaji, sii hulipeleka mbali naye, wada hukusanya na kala hutenganisha. Aliye ndani humkaribisha mgeni kwa kusema soo gal. Wada hadal ni kuzungumza pamoja, na kala tag ni kuachana, kila mtu na njia yake. Kiswahili kazi hiyo hukiachia kitenzi chenyewe: tuna leta na peleka, njoo na nenda, acha na achana. Kiingereza nacho hukiweka kijineno baada ya kitenzi, na kijineno kikibadilika, maana hubadilika pia. “Give back” ni kurudisha, ilhali “give up” ni kukata tamaa.

Mpangilio nao una mitego yake. Kwa Kiswahili, “Napenda sana maziwa ya ngamia” ni sentensi safi. Ukiihamisha neno kwa neno utapata “I like very much camel milk”, na mtahini ataikata, kwa sababu Kiingereza hakipendi kielezi kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake. Sema “I like camel milk very much” au “I really like camel milk”. Vielezi vya marudio, kama “always” na “never”, hutangulia kitenzi kikuu, lakini panapokuwa na kitenzi kisaidizi hukifuata hicho: “She always wakes early”, ila “She has never missed school”.

Ukishajua mahali, bado kuna suala la kielezi kipi huandamana na kitenzi kipi. Katika Kiswahili mtu hukataa katakata, hulala fofofo na hulowa chapachapa. Hakuna anayelowa fofofo. Hatukufundishwa kanuni ya jambo hilo, tuliyasikia maneno hayo yakiwa pamoja. Kiingereza kiko vivyo hivyo. Mvua zilizoikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi Novemba 2023 zilinyesha “heavily”, si “strongly”. Asiyekubaliana nawe hata kidogo, huyo ndiye “strongly disagrees”. Anayekataa katakata “flatly refuses”.

Kuna pia vielezi ambavyo Wakenya tumevipa maana yetu. “I have called you severally” husemwa kila siku kwa maana ya kupiga simu mara kadhaa. Katika Kiingereza sanifu neno hilo humaanisha kila mmoja kwa nafasi yake. Mara kadhaa ni “several times”. Kwenye mazungumzo tutaelewana, lakini kwenye mkataba wa mkopo kosa hilo lina gharama. Wadhamini wanaotia saini kuwa “jointly and severally liable” wamekubali kwamba mdai anaweza kumfuata yeyote kati yao na kumdai deni lote. “Slowly by slowly” nayo imezaliwa huku kwetu, kutokana na mazoea ya kurudiarudia kama katika polepole na kidogo kidogo. Barua ya kazi itakuwa salama zaidi na “gradually” au “little by little”.

Basi usikariri orodha ya vielezi vitupu. Unapokutana na kipya, andika daftarini sentensi nzima: kielezi, kitenzi chake na mahali kilipokaa. Mwalimu naye asiishie kuandika “kosa” pembeni. Amwonyeshe mwanafunzi sentensi hiyo inavyokaa katika Kisomali, katika Kiswahili na katika Kiingereza. Mtoto mwenye lugha tatu ana vipimo vitatu vya kulinganishia, na huo ni mtaji ambao shule za Garissa, Wajir na Mandera zinapaswa kuutumia.