Njia ya Pili ya Intaneti Nyumbani: Ruta ya Simu na Mipaka Yake

Intaneti ya nyumbani, ambayo katika miji mikubwa ya Tanzania na Kenya sasa huingia kwa waya mwembamba wa kioo uitwao faiba, imekuwa sehemu ya riziki ya kaya nyingi, kwa kuwa humo hupita kazi za wanaofanyia ofisi sebuleni, masomo ya wanafunzi wa vyuo, hesabu za maduka yanayouza kwa simu na mazungumzo na ndugu walioko Muscat, London au Toronto. Kadiri mambo hayo yanavyoongezeka ndivyo kukatika kwa waya huo mmoja kunavyozidi kuwa na hasara, na ndiyo sababu baadhi ya kaya huweka ruta ya simu iwe akiba, yaani kifaa kinachotumia laini kama ile iliyomo kwenye simu ya mkononi, kikavuta intaneti kutoka mnara wa jirani na kuisambaza ndani ya nyumba kwa waifai au kwa waya. Kifaa chenyewe hakina ugumu mkubwa. Linalohitaji kufikiriwa ni jambo linalotangulia ununuzi wake, nalo ni mahali ambapo akiba hiyo inatofautiana na njia inayokusudiwa kuilinda. Maana njia mbili zinazotegemea umeme uleule, mnara uleule na mkongo uleule huanguka pamoja, na mwenye nyumba hugundua siku ya shida kwamba alikuwa akilipia njia moja mara mbili.

Ili kuiona tofauti hiyo, yafaa kuifuata safari ya intaneti kuanzia ndani kwenda nje. Ndani ya nyumba kuna kisanduku cha faiba, kinachogeuza mwanga unaosafiri katika kioo kuwa ishara za umeme, na kuna ruta inayozigawa ishara hizo kwa simu, kompyuta na televisheni, ingawa mara nyingi siku hizi viwili hivyo huwa katika gamba moja. Nje ya nyumba waya hupanda nguzo au kupita ardhini hadi kwenye kigawanyio, ambacho katika mfumo unaotumika sana huuchukua uzi mmoja kutoka kituo cha kampuni na kuugawa kwa nyumba 32 au 64, na kutoka kituoni safari huendelea kwa mkongo wa nchi hadi ufukweni, kisha kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Lori refu likikata waya wa nguzoni, watengeneza barabara wakichimba mtaro, takataka zikichomwa chini ya nyaya au kampuni ya faiba ikipata hitilafu katika mitambo yake, ruta ya simu huokoa siku nzima ya kazi, kwa kuwa mawimbi ya mnara hayapiti katika sehemu hizo. Huo ndio uwanja wake wa kweli, na kwa nyumba nyingi uwanja huo unatosha kuhalalisha gharama yake.

Baharini mambo ni mengine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na nchi nyingine za kanda zikapata intaneti hafifu au zikaikosa kabisa kwa muda, bila kujali kama mtumiaji alikuwa na faiba au laini ya simu. Pigo lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu miezi michache kabla yake, Februari mwaka huohuo, nyaya kadhaa zilikuwa zimeharibika katika Bahari ya Shamu, na hivyo njia ya kaskazini ilikuwa tayari imepungua. Kampuni za simu na kampuni za faiba hukodi nafasi katika nyaya zilezile za baharini. Kwa hiyo aliyebadilisha laini siku hiyo alibadilisha mlango wa kutokea nyumbani tu, ilhali barabara ya mbele ilikuwa ileile. Huduma za fedha zinazopatikana kwa kubonyeza alama ya nyota na reli ni habari tofauti, kwa sababu haziendi kwa intaneti bali kwa mfumo wa ishara wa mtandao wa simu wenyewe, na ndiyo maana si busara kuziacha kabisa kwa kutegemea programu za simu janja peke yake. Kwa anayetaka akiba isiyopita kwenye nyaya za mtaani wala minara ya jirani, ipo intaneti ya setilaiti kama Starlink, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2023, ingawa nayo hushuka katika vituo vya ardhini vilivyounganishwa na mikongo na gharama ya kununua vifaa vyake kwa kawaida huizidi ile ya ruta ya simu.

Chanzo cha kukatika kinachojulikana zaidi na watu, hata hivyo, kiko karibu zaidi kuliko bahari, nacho ni umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani baada ya gridi ya taifa kuanguka, na katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki kukatika kwa saa mbili au tatu ni jambo la kawaida. Hapa kuna ukweli ambao wauzaji wa ruta hawausemi vya kutosha: waya wa faiba kati ya kituo cha kampuni na nyumba hauhitaji umeme njiani, kwa kuwa kigawanyio hugawa mwanga bila kutumia nguvu yoyote, na kituo chenyewe kwa kawaida huwa na betri na jenereta. Kinachozimika ni kisanduku kilicho ukutani kwa mteja. Hivyo fedha ya kwanza ya anayetaka akiba inafaa iende kwenye betri, na ruta ya simu ije baadaye, maana betri ndogo mara nyingi hurudisha intaneti ileile ya kasi ambayo mtu alidhani imekatika.

Hesabu ya betri hiyo haina fumbo. Kwenye adapta ya kisanduku huandikwa kiasi cha volti na ampea, na ukizidisha namba hizo unapata wati. Adapta ya volti 12 na ampea 1 hutoa wati 12 kwa upeo wake, japo kifaa kwa kawaida hutumia pungufu ya hapo. UPS ndogo, yaani kijisanduku chenye betri kinachokaa kati ya soketi na ruta, huuzwa kwa kutajwa miliampea-saa, lakini namba hiyo huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizomo ndani na si kwa volti 12 zinazotoka, jambo linalowapotosha wanunuzi wengi. Yenye miliampea-saa 8,800 hubeba takriban wati-saa 32, na baada ya kutoa kinachopotea katika kugeuza volti hubaki kiasi cha kuendesha kifaa cha wati 9 kwa muda wa karibu saa tatu, au vifaa viwili vya namna hiyo kwa saa moja na nusu. Ni lazima volti ya UPS ilingane na ya kifaa, kwa sababu ruta ya volti 5 au 9 ikichomekwa kwenye tundu la volti 12 yaweza kuungua papo hapo.

Betri ikishapatikana, linafuata suala la kampuni. Laini ya akiba inafaa iwe ya kampuni isiyohusiana na ile inayoleta faiba, kwa kuwa kampuni moja hutumia mitambo ileile ya katikati kwa wateja wake wote. Hata hivyo jina tofauti kwenye laini halihakikishi mnara tofauti: nchini Tanzania, kwa mfano, kampuni za simu hupanga nafasi katika minara inayomilikiwa na kampuni nyingine, kama vile Helios Towers, na mnara ukikosa nguvu kampuni zote zilizopanga hapo huathirika. Njia ya kujua ni kuuliza majirani ni mtandao gani uliobaki hewani umeme ulipokatika mara ya mwisho, na ushuhuda huo una thamani kuliko tangazo lolote. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa kama laini nyingine yoyote ya Tanzania, na anayenunua ruta iliyotumika ahakikishe haijafungwa kwa kampuni moja, kwa kuweka laini yake mwenyewe na kuiona inafanya kazi kabla ya kulipa.

Ruta zenyewe ziko za aina tatu. Ipo ndogo ya mfukoni yenye betri yake, inayomfaa mpangaji wa chumba kimoja. Ipo ya mezani, yenye antena bora na matundu ya kuchomeka waya. Na ipo ile yenye tundu la kupokea waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba pamoja na sehemu ya laini ya simu, ambayo huweza kuchagua njia yenyewe. Teknolojia ya 4G inatosha kwa kazi ya akiba. Ya 5G, iliyoingia sokoni Kenya na Tanzania mwaka 2022, ni ya kasi zaidi, lakini haifiki kila mtaa, na kulipa zaidi kwa ajili ya kasi ya siku chache za mwezi ni matumizi yasiyo na sababu.

Mahali inapowekwa ruta huamua ubora wake kuliko bei yake. Masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700 na 800, hupenya kuta na kufika mbali, ilhali ya juu, kama 1800 na 2600, hubeba data nyingi lakini hudhoofishwa na zege na mabati. Ndani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta huonekana kipimo cha nguvu ya mawimbi, kinachoandikwa kwa namba hasi: ikiwa karibu na -80 nguvu ni nzuri, ikifika -100 ni dhaifu, na ikipita -110 huduma hukatikakatika. Kando yake kuna kipimo cha usafi wa mawimbi, ambacho kikiwa juu ya 20 ni kizuri sana na kikishuka chini ya 0 kinaonyesha kwamba kelele za minara mingine zimeyafunika mawimbi yanayotakiwa. Inafaa kuisogeza ruta dirisha kwa dirisha huku namba zikisomwa, na kurudia kipimo kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni, kwa sababu mnara wenye mawimbi makali mchana waweza kuelemewa usiku.

Kuunganisha njia mbili kunaweza kufanywa kwa mkono, yaani kuiacha ruta ya simu na jina lake la waifai na kuhamia huko faiba inapokatika, na kwa familia nyingi hilo linatosha. Anayetaka mabadiliko yafanyike bila kuguswa huhitaji ruta ya kuchagua njia, na hapo ndipo makosa hutokea. Ruta ikiwekwa iangalie tu kama waya umechomekwa, haitahama pale kisanduku kinapowaka huku intaneti ya nje imekufa. Kwa hiyo ni lazima iagizwe kutuma ujumbe mfupi wa majaribio kila baada ya sekunde kadhaa kwa anwani za nje, mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8, na ihame pale zote mbili zinapokosa kujibu mara kadhaa mfululizo. Ruta ya faiba na ruta ya simu pia zisigawe anwani za ndani za kundi moja: zote zikitumia 192.168.1, ruta inayochagua haitajua ipeleke data wapi, hivyo moja ibadilishwe iwe, tuseme, 192.168.8. Lipo pia jambo linalowashangaza wenye kamera za ulinzi. Anwani za mfumo wa zamani wa intaneti hazizidi bilioni 4.3, na kwa uhaba huo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kiasi kwamba kamera iliyokuwa ikifunguliwa moja kwa moja kutoka nje huenda isifikike wakati wa akiba, isipokuwa kama inapitia huduma ya mtengenezaji wake.

Kifurushi nacho kinahitaji ulinzi. Saa moja ya filamu ya picha safi huweza kula gigabaiti 3, na kompyuta ikiamua kujisasisha saa hiyo hiyo, kifurushi cha wiki huisha kabla ya chakula cha mchana. Televisheni na masasisho yazuiwe kwenye njia ya akiba, kompyuta ielezwe kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, na kifurushi kichaguliwe kwa kuangalia muda wake wa kuisha kabla ya kuangalia ukubwa wake, kwa sababu akiba hukaa bila kuguswa kwa siku nyingi.

Mfumo wote ujaribiwe kwa kuchomoa waya wa faiba makusudi mchana wa siku ya mapumziko, kisha kwa kuzima swichi kuu ya umeme, kwa kuwa majaribio hayo mawili hufichua kasoro tofauti. Wakati wa kuhama, mazungumzo ya video hukatika kwa sekunde chache na programu za benki hulazimika kuanza upya, kwa sababu anwani ya nje ya nyumba imebadilika na mfumo wa upande wa pili humwona mtumiaji kama mtu mpya. Malipo yaliyokuwa katikati wakati huo yasirudiwe mpaka salio na ujumbe wa uthibitisho viangaliwe, kwa kuwa ombi la kwanza linaweza kuwa lilifika kabla ya njia kukatika.